Upande wa Pweto

Papa yangu, Léonard, alimaliza ujana wake chini ya ardhi ya Kipushi. Aliingia mgodini kabla jua halijachomoza na alitoka likiwa limeshazama. "Mimi na jua tulikuwa tunapitana mu njia bila kusalimiana," alipenda kusema. Kazi ilipomwacha alirudi kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, na kifua kilichojaa vumbi la mawe. Daktari alikuwa na jina refu la Kifaransa la ugonjwa huo. Sisi tulisema tu kwamba Papa anakosa pumzi.

Ikafika siku daktari akasema dawa peke yake hazitoshi tena. Papa akarudi nyumbani na mashine ya oksijeni, sanduku kubwa lenye magurudumu, linalovuta hewa ya chumbani, kuichuja, na kuipuliza kupitia mpira mwembamba hadi puani. Mashine ilinguruma kwa sauti ya chini kutwa nzima, bila kupanda wala kushuka. Papa aliisikiliza kwa makini siku ile ya kwanza, kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Christiane," alimwambia Mama, "umesikia? Ni Abbé kabisa. Anasoma bréviaire yake, kitabu ya sala. Hatujue anasema nini, lakini anasema."

"Léonard, usichekelee bapadri. Ni beye batakuzika."

"Basi huyu anizuie kwanza nisizikwe."

Tangu siku hiyo mashine ikaitwa Abbé. Asubuhi Mama alichungulia chumbani akauliza, "Abbé ameamka?" na Papa, mpira puani, alijibu, "Hajalala huyu, ni mutakatifu."

Lakini Abbé alihitaji umeme, na umeme wa mtaa wetu unakuja unapotaka na kuondoka bila kuaga. Ulipokatika, mashine ilipiga filimbi moja ndefu, ikanyamaza. Hapo Papa aliketi wima kitandani, mabega yakipanda na kushuka, macho yameelekea mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Mama alimpepea kwa kipande cha katoni. Mimi nilisimama pale na mikono yangu miwili yenye nguvu isiyomfaa mtu.

Aliyesema basi, imetosha, ni Mwelwa.

Mwelwa ni yaya yangu, kaka yangu mkubwa. Hakusomea umeme popote. Alijifundisha kwa simu, kwa video za mafundi wa Ufaransa na Ubelgiji, akizirudia mpaka anamaliza sentensi zao kabla yao. Watu wa mtaa walimletea redio, pasi, pampu za maji, na vyote viliondoka vimepona. Sisi nyumba ya Léonard hatuna mali, lakini tuna vichwa vigumu, na cha Mwelwa ndicho kigumu kuliko vyote. Ukimwelekeza jambo analolijua, umemtukana. Ukimwelekeza jambo asilolijua, umemtukana mara mbili. Mimi nilimpenda hivyo hivyo. Nilipigana shuleni kwa ajili yake na ningepigana tena.

"Nitafunga jua ku hii nyumba," alisema mezani, tunakula bukari, ugali wetu, na samaki wakavu ambao Mama huwapokea kutoka Pweto na kuwauza sokoni. "Courant ya muji ibakie ku muji. Papa atakuwa na yake."

"Jua haifungiwe kama mbuzi," Mama akasema.

"Utaona, Mama."

Tulikusanya kila tulichokuwa nacho, na mwezi wa kumi na moja paneli nne zikafika uani, zimefungwa kwa blanketi kama watoto wachanga. Betri ilitoka kwa Godefroid, mtu mpole mwenye duka dogo karibu na soko, ambaye alituletea yeye mwenyewe kwa mkokoteni na kusaidia kuishusha. Mwelwa alichomelea fremu ya chuma yenye miguu mirefu nyuma na mifupi mbele, ili paneli zisimame zikiwa zimeinama kama alivyoona kwenye video. Tukaipandisha juu ya mabati.

Nyumba yetu ina pande mbili. Mbele, penye mlango mkubwa na barabara, ni upande wa Kasumbalesa, mji wa mpakani kusini kwetu. Nyuma, penye uwanja wa jiko, choo na kamba za nguo, ni upande wa Pweto. Papa, aliyezaliwa Pweto, kaskazini kwenye ziwa, ndiye aliyetupa majina hayo tulipokuwa wadogo. Alikuwa akituambia, "Chola, ende uangalie moto ku upande ya Pweto," nami nilikwenda nikitarajia kuona ziwa.

Mwelwa aliziweka paneli zote nne mbele, zikielekea Kasumbalesa.

"Plein sud!" alipiga kelele kutoka juu, amepanua mikono, shati limelowa jasho. "Chola, umeona? Plein sud, kusini kabisa! Njo vile banafanya!"

Na barabara nzima iliona. Watu walisimama. Mama Chilufya, shangazi yetu anayekaa nyumba ya tatu, alikinga macho kwa mkono akasema, "Eh, Mwelwa, sasa shiye tutavaa lunettes ya jua machoni kupita hapa?"

"Muvae, Shangazi! Mulikuwa munapita bila kutuangalia!"

Jioni hiyo umeme wa mji ulikatika, mtaa ukawa mweusi, na ndani ya chumba cha Papa Abbé aliendelea kusali. Papa alimwita Mwelwa. Alimshika mkono, mkono ule wenye alama za kuchomelea, akaugeuza huku na huku kama anayeangalia kitu cha kununua.

"Miaka yote nilikaa bila kuona jua," akasema. "Sasa jua inatumika kwangu. Ni mutoto yangu ameileta."

Mwelwa alitoka nje haraka. Nilimkuta ameegemea ukuta, uso ameufunika kwa shati.

Msimu wote wa mvua ulikwenda vizuri. Mawingu yalikuja, mvua ilipiga mabati, jua likatoka tena kali, na betri ilijaa. Papa alianza kutembea hadi barazani. Kila mgeni alionyeshwa juu. "Ile ni kazi ya Mwelwa," alisema, na mgeni alipaswa kutazama na kusifu kabla ya kupewa kiti.

Kisha mvua zikaisha, ikaingia baridi.

Mwezi wa sita hapa kwetu hauna wingu. Anga ni safi kuanzia asubuhi hadi jioni, vumbi jekundu linakaa juu ya kila kitu, na asubuhi watu wanatembea wamejikunja na makoti. Ni msimu ambao ungedhani paneli zingeshiba mpaka zitapike. Lakini ndipo betri ilipoanza kuishiwa. Kwanza ilifika alfajiri kwa shida. Baadaye haikufika. Na umeme wa mji nao ulipungua, kama kila mwaka maji ya mito yanaposhuka.

Mwelwa alikagua nyaya zote. Akafungua, akafunga. Alinituma juu na ndoo na kitambaa, nami kila asubuhi niliosha vumbi kwenye vioo mpaka vikaonyesha uso wangu. Hakuna kilichobadilika. Ndipo akamwita Godefroid.

Godefroid alikuja na kifaa chake cha kupimia, akainama juu ya betri, akapima, akasubiri, akapima tena.

"Betri iko muzima, ndugu yangu," akasema. "Ni njala iko nayo. Haipate kula."

"Njala?" Mwelwa akacheka kwa hasira. "Na hii jua yote? Angalia mbingu! Iko na wingu wapi?"

"Sijue. Mi nauza betri tu. Nasema chenye naona."

"Unasema hivyo juu ni weye uliiuza. Uliniletea betri ya zamani, uliipaka rangi."

"Mwelwa..."

"Toka."

Godefroid alinitazama mimi, labda akidhani mdogo atakuwa na neno. Nilimfungulia mlango wa uani. Yaya yangu akisema betri mbovu, betri ilikuwa mbovu.

Tukaanza kutafuta betri nyingine. Kabla hatujaipata, ikaja ile asubuhi.

Tuliamshwa na filimbi ya Abbé kabla ya kupambazuka. Mji haukuwa na umeme. Mama alimpepea Papa hadi kukacha, nami nilikwenda kumgongea jirani mwenye gari. Jirani alikubali; alivaa viatu, akaleta gari hadi mlangoni. Lakini Papa alikataa.

"Ya nini nifie mu gari?" alisema, kila neno na pumzi yake. "Jua inapanda. Abbé ataanza sasa hivi. Mwelwa... Mwelwa iko hapa?"

"Niko hapa, Papa."

"Jua inakuya?"

"Inakuya, Papa. Dakika kidogo tu."

"Umesikia, Christiane. Mutoto anasema inakuya."

Hatukuwa na nguvu ya kubishana na imani hiyo. Au tuliipenda kupita kiasi, sijui. Chumba kilikuwa baridi kama kisima, kwa hiyo Papa akaomba atolewe nje ajipashe joto. Tulimbeba na kiti chake hadi uwanja wa nyuma, upande wa Pweto, penye jua. Mama akamfunika blanketi. Tulivuta mashine hadi kizingiti cha mlango wa jiko na kunyoosha mpira wake hadi puani, ili pumzi imkute hapo mara umeme ukirudi. Mwelwa alikuwa ameshapanda juu ya nyumba, upande ule mwingine wa paa. Tulisikia miguu yake kwenye mabati. Alikuwa akifuta vioo kwa shati lake, akiita kutoka juu, "Imeanza? Chola! Imeanza?"

"Bado, Yaya!"

"Na sasa?"

"Bado!"

Jua lilikuwa limejaa uwanjani. Lilikuwa kwenye magoti ya Papa, kwenye mikono, kwenye uso wake uliokuwa umebadilika rangi. Alifumba macho, akainua kidevu kulipokea. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo ni mimi na Mama tu tuliyoisikia:

"Mwambieni Mwelwa. Jua iko huku. Iko huku kwangu."

Mama akadhani anamfariji mwanawe. Mimi pia. Nilipaza sauti, "Papa anasema jua inamufikia!" na Mwelwa akajibu kutoka upande wa pili, "Aseme asante kwa Mungu, na Mungu aseme kitu kwa hii betri!"

Papa alitabasamu kwa hilo. Nina hakika alitabasamu. Mama alipoinama kurekebisha blanketi, Papa alikuwa ameshatuacha, jua lote limemkalia mapajani na mashine kimya mlangoni.

Mwelwa alielewa kwa kilio cha Mama. Miguu ilisimama juu ya mabati. Alipoteremka hakuja kwa Papa. Alikwenda moja kwa moja kwenye betri, akashusha swichi ya nyaya zinazotoka kwenye paneli, na kusema kwamba mtu yeyote asiiguse. Betri hiyo ni ushahidi.

Kwetu, kilio kikianza, kazi za nyumba zinasimama. Hakuna anayefagia uwanja, hakuna anayegonga msumari wala kushika chombo cha kazi, mpaka kilio kiondolewe. Watu huja kukaa. Wanaleta unga, makala ya kuwashia moto, mikeka, wanakaa chini, wanaimba, wanaongea, wanacheka hata, ili nyumba isibaki peke yake. Chumba cha Papa hakikuguswa. Tulirudisha Abbé mahali pake karibu na kitanda kama alivyokuwa, na mpira wake juu ya mto.

Siku ile ya kwanza Godefroid alikuja. Alikuja na gunia la makala begani, koti jeusi, kichwa chini. Mwelwa alimkuta kwenye lango.

"Unaleta makala kwa mutu mwenye uliua?"

Watu wakageuka kutazama.

"Mwelwa, ndugu, nakuya kulia na nyinyi."

"Uliua Papa yangu! Uliuzia Papa yangu kifo, na unaleta moto ya kuota!" Akamnyang'anya gunia, akalitupa barabarani, likapasuka, makala yakatapakaa. Godefroid aliinama barabarani, mbele ya watu wote, akaokota makala moja moja na kuyarudisha guniani, koti jeusi likijaa vumbi. Hakuna aliyemsaidia. Mimi nilikuwa wa kwanza kumzomea.

Tulimzika Papa. Habari ikazunguka soko zima kwamba Godefroid anauza betri zilizokufa. Mtu aliandika neno *muuaji* kwa makala kwenye mlango wa duka lake. Na asubuhi baada ya mazishi, siku ya kuondoa kilio, vijana wa mtaa walikusanyika mbele ya nyumba yetu na nyundo na vyuma. Walipanga kwenda na Mwelwa dukani, kubeba ile betri mbele yao, na kuvunja kila kitu. Walisubiri tu wazee wamalize sala.

Wazee nao walikuwa hawajaanza hata. Walikuwa wakitetemeka. Viti vya kilio vilikuwa mbele ya nyumba, mahali pa heshima, upande wa Kasumbalesa, na asubuhi ya mwezi wa sita mbele ya nyumba yetu ni kivuli kitupu mpaka karibu na saa sita.

Mama Chilufya aliinuka na kiti chake.

"Miye nilikuya kulilia mufu," akasema, "haiko kumufuata. Katika hii baridi mutazika bawili. Naenda kule kwenye jua."

Watu walicheka, hata Mama alicheka kidogo. Mmoja akamfuata, kisha wengine, kisha wote, wanaburuta viti na mikeka kuzunguka nyumba hadi uwanja wa nyuma. Mimi nilibeba kiti cha kuhani wa parokia. Nilikiweka, nikajiegemeza kwenye nguzo ya kamba za nguo, karibu na mahali tulipoweka kiti cha Papa, nikafumba macho kama alivyofumba yeye. Joto likaja usoni. Lilikuwa joto zuri la kuaibisha.

Jua iko huku, alisema. Iko huku kwangu.

Nilifumbua macho, nikatazama juu ya nyumba.

Kutoka pale niliona paneli zetu nne kwa nyuma. Niliona migongo yake: nyaya, visanduku vidogo vyeusi, miguu mirefu ya fremu ambayo Mwelwa aliichomelea. Jua la asubuhi lilikuwa limeangaza migongo hiyo mpaka ningeweza kusoma maandishi ya kiwanda. Nyuso zake, nilizoziosha kila siku kwa mikono yangu, zilikuwa zinatazama kivuli tulichokikimbia.

Sikuhitaji mtu kunieleza. Nilitazama viti, nilitazama watu wote wamegeuza nyuso zao upande mmoja, upande wa Pweto, kama kila mtu wa mji huu anavyofanya kila msimu wa baridi tangu utoto, bila kufikiri. Hata mbwa wetu alikuwa amelala upande huo. Mwezi wa kumi na moja, tulipozifunga, jua lilikuwa limeegemea Kasumbalesa, na paneli zilikula. Baridi ilipoingia jua lilihamia Pweto, na sisi tulihamisha viti vyetu, na hatukuhamisha kitu kingine. Wale mafundi wa Ufaransa hawakusema uongo. Walisema habari za jua la kwao, ambalo hukaa kusini mwaka mzima.

Nilikwenda mbele. Mwelwa alikuwa amekaa juu ya betri, vijana wamemzunguka. Hakuwa amelala tangu siku ile. Macho yake yalikuwa kama majeraha.

"Yaya, kuya nikuonyeshe kitu. Weye peke yako."

"Tukirudi kwa Godefroid."

"Sasa, Yaya. Mbele ya kwenda."

"Chola, usinichokoze leo. Kama unaogopa, bakia na bamama."

Vijana wakacheka. Damu ilinipanda, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda. Kama ningelitamka mbele yao, ningemvua yaya yangu nguo barabarani. Kama ningenyamaza, mtu aliyeokota makala yake vumbini angevunjiwa duka, na labda kichwa. Na neno lile la Papa lingezikwa mara ya pili.

Nikachukua ngazi na spana.

Mama Chilufya ndiye aliyeniona kwanza. "We Chola! Kilio haijatoka! Unashika chuma?" Wengine wakaanza kupiga kelele kwamba nimepagawa, kwamba namtukana marehemu. Nilipanda. Mabati yalikuwa na barafu nyembamba ya umande kwenye upande wa mbele, na upande wa nyuma yalikuwa makavu na ya moto. Nikaanza kufungua bolti.

Mwelwa alitokea chini. "Shuka!"

Paneli ya kwanza ilitoka. Niliigeuza kwa kifua na magoti, nzito kama mtu aliyezimia, nikaiegemeza kwenye ukingo wa paa ikielekea Pweto, nikaifunga kwa waya.

"Chola, nitakuua! Shuka!"

Akapanda ngazi. Alifika juu na ngumi tayari imekunjwa, nami nikamsubiri, kwa sababu nilifikiri nastahili. Lakini ngumi haikuja. Alikuwa amesimama juu ya kilele cha paa, kati ya pande mbili. Jua lilimpiga mgongoni, na kivuli chake kilianguka mbele yake, kirefu, juu ya migongo ya paneli tatu zilizobaki.

Alitazama kivuli hicho. Akageuka akatazama jua. Akatazama tena kivuli. Chini uwanjani, nyuso zote zilikuwa zimeinuliwa kwake.

"Plein sud," alisema polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye msalaba.

Kisha alipiga magoti na kuchukua spana mkononi mwangu. Aligeuza ya pili mwenyewe, na ya tatu, na ya nne, haraka, vidole vikichanika, hakunitazama. Mimi nilishikilia. Tulipomaliza aliteremka, akapita katikati ya watu, akairudisha betri mahali pake, akafunga nyaya, akapandisha swichi. Vijana wenye nyundo walimwuliza, "Grand, tunaenda?" Hakuwasikia. Alikaa chini kwenye vumbi mbele ya betri, akisubiri, na watu wakasubiri naye bila kujua wanasubiri nini. Kuhani alianza sala na kuimaliza.

Jua lilikuwa limepanda sana ndipo tuliposikia.

Ilitoka chumbani kwa Papa. Filimbi fupi, kisha ule mngurumo wa chini, usiopanda wala kushuka.

Hakuna mtu aliyekuwa ameizima mashine. Katika kuacha chumba kama kilivyokuwa, tuliiacha kwenye nyaya za betri, swichi yake ikiwa imewashwa. Sasa ilikuwa imeamka kwenye chumba kisicho na mtu na kuanza kusali.

Mama aliinuka kutoka kwenye mkeka. "Léonard?" alisema. Alijua, bila shaka alijua, lakini alilitamka jina hilo kwa namna ambayo wanawake wote walianza kulia upya, kama siku ya kwanza. Akaingia ndani. Tulimfuata, mimi na Mwelwa. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika ule mpira mwembamba, kiganja chake mbele ya tundu lake, akiisikia hewa inayotoka.

Mwelwa alisimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti.

"Iko na nguvu," Mama akasema. "Inapuliza muzuri."

Aliinua macho, akatazama mlangoni.

"Mwelwa. Betri haikukufa?"

"Hapana, Mama."

"Ni bapanneaux ulikuwa umegeuza vibaya."

"Ndiyo, Mama."

Hewa ilikuwa ikipuliza kwenye kiganja chake.

"Ile asubuhi," akasema, "kama ingekuwa hivi... Abbé angeamka?"

Nilimtazama yaya yangu. Nilitaka aseme uongo. Alikuwa na njia nyingi za kuepa. Kifua cha Papa kilikuwa kimekwisha, daktari mwenyewe alishasema. Kila mtu angempa neno la kujifunikia. Mtu yule mwenye kichwa kigumu kuliko wote katika nyumba yetu alivuka kizingiti, akapiga magoti mbele ya Mama.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Angeamka."

Mama hakumpiga wala hakumkumbatia. Aliangalia juu ya kichwa chake, dirishani.

"Ende kwa Godefroid," akasema mwishowe. "Ende peke yako. Bale bavijana barudi kwao."

Akaenda kwa miguu, bila koti. Vijana walitawanyika wameficha nyundo chini ya mashati. Kilio kiliondolewa bila yeye. Wanawake walifagia uwanja, wakaosha sufuria, wakakunja mikeka. Mama Chilufya alitaka kuingia kuzima mashine, kwa kuwa ilimtia baridi mgongoni, alisema. Mama alimkataza. Akaomba kiti cha Papa kiwekwe uwanja wa nyuma, akakaa humo, mlango wa chumba ukiwa wazi, ili asikie.

Mwelwa alirudi jua likielekea kushuka. Alikuwa na gunia begani, lilelile, limeshonwa kwa uzi mpya mahali lilipopasuka. Sikumwuliza walichosemezana, na mpaka leo hajasema. Aliliweka gunia karibu na mbabula, jiko letu la makala, akalifungua, akapanga makala, akawasha moto kwa ajili ya Mama. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa makala, na vidole vilivyochanika juu ya paa vilikuwa vimeganda damu.

Mama alisogeza kiti kidogo ili apate nafasi ya kukaa. Alikaa. Tulikaa hivyo watatu, nyuso zetu upande wa Pweto, mpaka mwanga ukaondoka kwenye mabati. Abbé aliendelea kusali mle ndani, nguvu za mchana ule mmoja zikimpungukia kidogo kidogo, kisha akapiga filimbi yake. Mama akaitikia, "Amina," kwa sauti ndogo, akainuka kwenda kufunga mlango.